Familia isiyopika nyama na juma lenye shughuli: tuchague njia ipi ya kuandaa chakula?

Katika ukanda huu unaoanzia Shinyanga mjini, ukapita Kahama hadi Geita na Katoro, zipo nyumba nyingi za Kiislamu ambazo nyama haiingii jikoni siku tano au sita za juma, na zipo chache ambazo haiingii kabisa. Wapo walioiacha kwa ushauri wa daktari, baada ya baba kugundulika na shinikizo la damu au babu kusumbuliwa na jongo. Wapo wanaobanwa na bei. Wapo pia wanaoishi katika miji mipya ya machimbo, ambako mabucha ni mengi na wachinjaji hawafahamiki, wakaona salama ya dini yao ni kubaki na kunde na mboga mpaka watakapompata mchinjaji wanayemwamini. Na wapo, tusiwasahau, wasioipenda tu.

Kwa upande wa sheria hakuna ugumu, maadamu nia imekaa sawa. Kilichokatazwa katika Suratul-Maida ni kuviharamisha vitu vizuri alivyovihalalisha Mwenyezi Mungu. Asiyekula nyama kwa sababu ya afya, ya kipato au ya ladha hajaharamisha kitu. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia jinsi alivyomwona Mtume wetu (s.a.w.) akiyafuata mapande ya mumunye pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo naye akalipenda mumunye. Mama Aisha (r.a.) naye amesimulia kwamba miezi ilikuwa ikiandama mmoja baada ya mwingine bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume, chakula kikiwa ni tende na maji. Kwa hiyo anayeona haya kumkaribisha mgeni kwa dengu na mchicha hana sababu ya haya hiyo.

Ugumu wenyewe ni wa saa. Maharage makavu hayajali zamu ya mtu. Yakiwekwa jikoni bila maandalizi hudai saa mbili, pengine tatu, za moto. Baba yuko mgodini kwa zamu ya saa kumi na mbili. Mama ana meza yake sokoni Katoro, au anafundisha, au anahudumu zahanati. Watoto wana shule asubuhi na madrasa alasiri. Sufuria inashikwa baada ya Magharibi, wakati tumbo limekwisha kudai haki yake. Hapo hutokea moja kati ya mawili: ama mama anachochea mkaa hadi saa tatu usiku, ama nyumba nzima inakula chipsi za kibandani na chai kwa mandazi kwa siku ya nne mfululizo. Nyumba inayokula nyama ikikosa muda hukaanga mayai au hununua mishikaki, na protini ikapatikana. Nyumba ya kunde ikikosa muda, kinachokosekana mezani ni kunde zenyewe, yaani kile kile kilichotarajiwa kuchukua nafasi ya nyama. Wanabaki na wanga na mafuta, na mgonjwa aliyeambiwa aache nyama kwa ajili ya afya yake anazidi kudhoofu akidhani anafuata ushauri.

Ndiyo maana tunaona kwamba kuchagua njia ya kuandaa chakula cha juma si jambo dogo la jikoni. Ushauri unaoenea sana siku hizi katika simu zetu ni ule wa kupika kila kitu Jumapili, kukigawa katika makopo yenye vifuniko na kukijaza katika friji. Ni ushauri mzuri kwa nyumba ulikotoka. Kwetu, kabla ya kuufuata, kila familia ijiulize maswali mawili tu: je, tunayo friji ambayo umeme wake hautukimbii? Na je, yupo mtu mzima nyumbani saa sita mchana? Majibu ya maswali haya yataamua njia kuliko kitabu chochote cha mapishi.

Yenye friji

Familia yenye friji ya kuaminika imepata wepesi mkubwa, nayo isione tabu kuutumia. Tunashauri ichemshe kunde mara mbili kwa juma, tuseme Jumapili na Jumatano, isijaribu kupika ya siku saba kwa mpigo. Sababu ni kwamba maharage yaliyoiva, katika friji yenye baridi ya nyuzi 4 au chini yake, hukaa salama siku tatu hadi nne. Anayepika Jumapili na kupakua Ijumaa amevuka mpaka, hata kama harufu haijabadilika. Akiwa na sehemu ya kugandisha, sehemu moja igandishwe ikiwa imegawanywa kwa mlo mmoja mmoja, na hiyo itadumu miezi miwili au mitatu.

Yachemshwe bila chumvi nyingi, bila nyanya na bila mafuta. Hili ndilo jambo linalowapita wengi. Maharage matupu yaliyoiva ni mali ghafi: Jumatatu yataungwa kwa vitunguu na nyanya, Jumanne yatapondwa na karanga, Jumatano mchana yatachanganywa na mahindi yakawa makande. Yakiungwa yote Jumapili, mpaka Jumanne watoto watakuwa wamekwisha kuyachoka, na chakula kilichochokwa hutupwa.

Namna ya kuyapoza pia ina sheria yake. Sufuria kubwa iliyojaa hadi ukingoni, ikifunikwa na kuachwa mezani usiku kucha, katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio shamba la vijidudu. Yamwagwe katika masinia au vyombo vipana, yapoe, na yawe yameingia katika friji ndani ya saa mbili. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe ovyo. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi yake kwa takriban saa nne. Sehemu ya kugandisha iliyojaa vizuri na kufungwa huweza kufika siku mbili. Baada ya hapo hesabu imekwisha, na anayefungua kila dakika kuona kama vitu bado vizima ndiye anayeviharibu.

Hapa lazima tuseme neno juu ya kiporo cha wali. Shinyanga na Kahama ni nchi ya mpunga, na asubuhi ya chai ya rangi na kiporo tumekulia wengi. Lakini mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa nje usiku kucha, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupashwa moto asubuhi. Ndiyo asili ya kutapika kunakodhaniwa kuwa ni malaria au husuda ya jirani. Wali wa kiporo ulioingia katika friji mapema na kuliwa kesho yake hauna neno. Ule uliolala juu ya meza chini ya kawa ni wa kuku. Kwa familia yenye shughuli sisi tunaona ni afadhali wali na ugali vipikwe siku ile ile, kwani havidai muda. Kinachostahili kuandaliwa mapema ni kile kinachodai muda.

Isiyo na friji, ila mtu yupo mchana

Nyumba hizi ni nyingi: kuna bibi, au binti anayesoma zamu ya asubuhi, au mama anayeshonea nyumbani. Hizi zinafaa kapu la joto, nasi tunashangaa kwa nini halijaenea katika mkoa uliozaliwa na pamba. Kapu hili halina siri. Ni tenga au ndoo kubwa, ndani yake ukawekwa mto mnene uliojazwa pamba chafu isiyofaa kuuzwa, au makapi ya mpunga yaliyokauka vizuri, au nguo kuukuu na mablanketi, ukaachwa uwazi wa kuitosha sufuria barabara. Juu hufunikwa kwa mto mwingine. Sufuria ikiingia humo ikiwa inatokota, joto halina pa kutokea, na chakula huendelea kuiva bila mkaa.

Kwa maharage, utaratibu uwe hivi. Yachambuliwe na kulowekwa usiku kucha kwa maji mengi. Asubuhi maji hayo yamwagwe, yawekwe mapya, na yachemke kwa nguvu, yakirukaruka, kwa dakika ishirini. Hapo ndipo sufuria ihamie kapuni na mfuniko wake, ikae saa nne. Ikitolewa, irudishwe motoni itokote tena kabla ya kuungwa na kuliwa.

Zile dakika ishirini za mwanzo zisipunguzwe hata mara moja. Maharage, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko mkali wa walau dakika kumi. Yakipikwa kwa joto la chini bila kuchemka kwanza, sumu hiyo hubaki, nayo huleta kutapika na kuendesha ndani ya saa chache. Kapu peke yake halifikishi joto hilo. Kazi yake ni kumalizia, si kuanza. Hali kadhalika lisigeuzwe ghala: chakula kisilale humo mpaka kikawa vuguvugu. Ndiyo maana tumeuliza kama yupo mtu mchana. Nyumba inayoondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurejea saa kumi na mbili jioni haipaswi kuacha maharage kapuni siku nzima.

Akiba ya moto inayopatikana hapa ni kubwa, na kwa mkoa wa Shinyanga ina historia yake. Ardhi hii ilivuliwa miti miaka mingi, kwa kufyeka mapori ya mbung'o, kwa kupanua mashamba ya pamba na kwa kuni za kupikia, hata serikali ikaanzisha mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, uliowarejesha wananchi katika desturi yao ya kutenga ngitili ili malisho na miti irudi. Sufuria moja ya maharage isiyolowekwa, kila siku, kwa mkaa, inakula sehemu ya ngitili ya mtu mahali fulani.

Isiyo na friji wala mtu wa mchana

Kwa familia hii tunatoa ushauri ambao huenda ukawaudhi wapenzi wa maharage: katikati ya juma, waachane nayo. Wakae na choroko.

Ni ajabu kwamba watu wa ukanda huu wanaonunua chakula chao kwa haraka hawazithamini kunde ambazo ardhi yao wenyewe inazistawisha. Choroko na dengu hulimwa Shinyanga na mikoa jirani, dengu zikistawi hasa katika udongo mweusi wa mbugani kwa unyevu uliobaki baada ya mvua, na magunia kwa magunia husafirishwa kwenda India, ambako mamilioni ya watu wasiogusa nyama maisha yao yote huyategemea mazao hayo. Sisi tunayaita mazao ya biashara. Choroko nzima huiva chini ya saa moja hata bila kulowekwa. Iliyoparazwa na kupepetwa maganda huiva kwa takriban nusu saa, muda ule ule wa kupika wali pembeni yake. Haiachi mtu akisubiri mpaka Isha.

Dengu nazo zilowekwe asubuhi wakati wa kuondoka, mahali penye ubaridi. Jioni zitaiva kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Unga wa dengu ni haraka zaidi: ukikorogwa na maji, kitunguu, pilipili na majani ya giligilani, unapatikana mkate wa kumimina kikaangoni kwa dakika kumi, au bagia kwa siku ambayo mafuta yapo. Kwa mtoto anayekimbilia shule ni chakula kamili kuliko andazi.

Wenye umeme lakini wasio na friji, au wenye gesi, wafikirie sufuria ya presha. Maharage yaliyolowekwa huiva humo kwa takriban nusu saa. Wengine huogopa sufuria hizi za umeme kwa kudhani zinamaliza uniti. Hesabu iko wazi: jiko lililoandikwa wati 1,000, likifanya kazi saa nzima bila kupumzika, hutumia uniti moja. Sufuria ya presha ikishajaa mvuke hupumzika muda mwingi, hivyo sufuria moja ya maharage haifiki hapo. Serikali ilipozindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo mwaka 2034, mazungumzo mengi yalikuwa juu ya mitungi ya gesi. Kwa jiko la kunde, sisi tunaona sufuria ya presha ina hoja yenye nguvu zaidi.

Na tafadhali, magadi yasiwe badala ya kuloweka. Hulainisha maharage, ndiyo, lakini huharibu vitamini B1, na familia inayotegemea kunde haina ya kupoteza.

Ghala la kiangazi

Mpaka hapa tumezungumzia juma. Wazee wa Usukuma walipanga kwa mwaka. Viazi vitamu vikivunwa mwishoni mwa masika, na kiangazi cha Juni hadi Oktoba kikiingia na jua lake kavu, ndipo michembe na matobolwa hutengenezwa. Michembe hukatwa vipande vikiwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa, na tofauti hiyo ndiyo inayotuhusu: matobolwa ni chakula kilichokwisha kupikwa. Mtoto anaweza kuyatafuna makavu njiani, au yakalowekwa na kupashwa moto kwa dakika chache na karanga zilizotwangwa. Kwa lugha ya leo ya kuandaa chakula mapema, hakuna kinachoyapita. Na yalikuwepo kabla ya friji ya kwanza kufika Mwadui.

Majani ya kunde nayo hukaushwa, yale ambayo wengi huku huyaita nsansa. Huchumwa machanga, hutokoswa kidogo, hukaushwa, na huwekwa mpaka miezi ambayo mchicha ni ghali na umesinyaa. Mkono mmoja wa nsansa uliolowekwa asubuhi, jioni huungwa kwa karanga katika nusu saa. Ndugu zetu wa pwani wataulizia nazi. Huku karanga ndiyo nazi.

Msomaji wa Qur'ani hatashangaa kusikia tukilisifu ghala. Nabii Yusuf (a.s.) alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri, hakuishia kuieleza, alitoa na namna ya kuhifadhi: wanachokivuna wakiache ndani ya mashuke yake, isipokuwa kidogo watakachokula. Nafaka iliyobaki katika shuke haiguswi upesi na wadudu. Ilikuwa ni elimu ya ghala, yenye utaratibu.

Nasi tuwe na utaratibu. Viazi vyeupe vinashibisha lakini havina vitamini A ya maana. Vile vya rangi ya chungwa, vinavyoitwa viazi lishe, vinayo kwa wingi. Tatizo ni kwamba jua kali huiteketeza, na inaendelea kupungua kadiri vipande vinavyokaa ghalani. Basi viazi lishe na mboga za majani vikaushwe kivulini penye upepo, au chini ya kitambaa chepesi, na viliwe ndani ya miezi michache ya mwanzo. Vianikwe juu ya kichanja, visianikwe ardhini, na vihifadhiwe vikiwa vimekauka mpaka vinavunjika au, kwa matobolwa, havina unyevu hata kidogo vikibanwa. Karanga ndizo za kuogopwa zaidi: zikivunda hufuga ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo haionekani wala haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016, sumukuvu katika chakula iliua watu karibu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ladha chungu isitwangwe ili kufichwa katika mboga.

Uwanja wa kuanikia

Kwa wasomaji wetu wa Geita, Nyarugusu, Rwamagasa, Katoro, Kakola na kila penye machimbo ya wachimbaji wadogo, kuna sharti la ziada, nalo ni zito kuliko yote tuliyoyasema.

Dhahabu ya wachimbaji wadogo hukamatwa kwa zebaki, kisha donge hilo huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mara nyingi huchomwa uani, wakati mwingine jikoni, kwa mkaa ule ule wa kupikia, juu ya kijiko au kikaango cha nyumbani. Moshi wake hauna rangi ya kutisha wala harufu. Hutua juu ya kuta, juu ya ndoo za maji, na juu ya chochote kilichoanikwa. Zebaki hushambulia ubongo na figo, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni na mdogo anayetambaa. Rwamagasa ni mojawapo ya vijiji vilivyofanyiwa uchunguzi chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wachomaji walikutwa na zebaki mwilini. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti sumu hii, uliopewa jina la mji wa Minamata wa Japani ambako watu waliangamia kwa kula samaki wenye zebaki, ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Karatasi imetiwa saini. Uani bado panachomwa.

Hivyo basi nyumba ambayo uani wake, au wa jirani yake wa ukuta mmoja, huchomwa dhahabu, isianike chakula hapo. Inunue michembe na nsansa kutoka vijiji vya wakulima, mbali na mialo na makarasha, au ianike kwa ndugu shambani. Chombo kilichowahi kuchomea kisirudi jikoni hata kikisuguliwa kwa majivu mara saba. Huko si kutoharisha najisi, ni sumu, na haina twahara. Nguo za kazini zivuliwe kabla ya kuingia ndani na zisifuliwe katika beseni la kulowekea maharage. Vumbi la marudio nalo lina yake, kwa hiyo mboga za kando ya barabara za malori ya mawe zioshwe kwa maji mengi, na bora zaidi zisinunuliwe. Mama mjamzito ana haki ya kumwambia mumewe kwamba donge lile halichomwi hapa, na mume anayemcha Mungu atasikia.

Kisichopatikana katika kunde

Tungekuwa hatuwatendei haki wasomaji kama tungeishia kuzisifu kunde. Kipo kitu kimoja ambacho mimea haina: vitamini B12. Familia isiyokula nyama lakini inayokunywa maziwa na kula mayai kila siku itaipata, na katika nchi ya ng'ombe maziwa mgando si anasa. Asiyegusa hata hivyo amwone mtaalamu wa afya apewe vidonge, kwani upungufu wake huchukua miaka kujitokeza na unapojitokeza hugusa mishipa ya fahamu.

Madini ya chuma yamo katika kunde na majani, ila mwili huyapokea kwa shida. Ndimu iliyokamuliwa juu ya maharage, embe, pera au kachumbari ya nyanya mbichi pembeni huyafungulia njia. Chai huyafunga. Ile desturi ya kushushia chakula cha jioni kwa chai ya rangi ndiyo inayoyapora. Chai isogezwe mbele kwa saa moja au mbili, hasa kwa wajawazito na wasichana waliobalehe.

Nani ataloweka?

Utaratibu wowote tulioueleza huvunjika pale unapomwangukia mtu mmoja. Kuchambua, kuloweka, kumwaga maji, kuhesabu dakika ishirini: kila kimoja ni kidogo, na vyote kwa pamoja ni kazi ya pili baada ya kazi. Mama Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ulipofika wakati wa swala alitoka kwenda kuswali. Mwanamume wa zamu ana siku zake za mapumziko, na hatuoni kwa nini siku hizo sufuria isiwe yake.

Alhamisi usiku, baada ya Isha, yeye na watoto wachambue kilo moja ya maharage juu ya ungo na kuyaloweka. Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi ayamwage maji, atie mapya, ayachemshe dakika ishirini akiwa amesimama hapo hapo. Saa nne sufuria iingie kapuni na mto ufungwe juu yake. Kisha aoge, avae, awahi msikitini kabla ya khutba. Saa nane anaporudi, alifungue kapu, aitokose tena sufuria hiyo, mboga ya nsansa ikiwa imekwisha kulowekwa kando na mchele unapembuliwa.